Bawa Nililolifunga kwa Leso ya Mama

Leo asubuhi nimechana leso kuukuu nimshonee mtoto wangu nepi, na ile sauti ya kitambaa kikichanika imenikalisha chini. Mtoto analia, mimi nimekaa tu. Wacha niwaambie kwa nini, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa, wakati wa Hali ya Hatari, huko Kibirichia. Maboma yetu yalikuwa yamechomwa na sote tukasukumwa ndani ya kijiji kimoja, nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jirani anakuombea uzima, na mtaro uliojaa miti iliyochongwa ncha umetuzunguka. Langoni walisimama magadi, walinzi wa serikali, na wengi wao walikuwa watu wetu, waliojua hata majina ya mbuzi wetu. Kutoa chakula nje ya lango lilikuwa kosa kubwa. Walisema kinaenda kwa watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na Wazungu. Sisi watoto tulitoka kuchota maji tu, kwa saa iliyopangwa.

Njia ya mtoni ilipita kwenye boma letu la zamani. Hapo, chini ya mabaki ya ghala, nilimkuta bata bukini wa porini, mmoja wa wale waliotua kwenye bwawa la setla, Mzungu mwenye shamba. Bawa moja lilikuwa limevunjwa na risasi. Nilipomkaribia alinifokea kama mkatekista aliyekatizwa sala, kisha akaniuma kidole. Nikampenda papo hapo. Labda kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza mwaka ule kufoka bila kuomba ruhusa.

Nilichana ukingo wa leso ya Mama, ile nyekundu yenye vidoa vyeupe, nikalifunga bawa ubavuni. Kila alasiri nilificha konzi ya muthere, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ndani ya debe tupu la maji. Madebe ya watoto hayakupekuliwa. Nyumbani ndugu yangu Mwiti, ambaye hata ziwa alikuwa hajaacha, alikuwa akilamba sufuria kwa njaa. Nilimwona, na bado chakula nilimpelekea ndege. Wiki ya tatu bata alikuwa akitembea kifua mbele kama chifu, na bawa lilianza kutikisika ndani ya kitambaa.

Halafu, asubuhi moja, magadi walituita sote uwanjani. Mkubwa wao aliinua kipande cha leso chenye damu iliyokauka, na punje za muthere kiganjani. Vilipatikana kwenye boma letu. Akapita mbele ya wanawake taratibu, akakilinganisha na leso iliyokuwa kiunoni mwa Mama.

"Mama Karimi," akasema, "kumbe umefungua hospitali msituni, na sisi majirani hukutualika?"

Wenzake wakacheka. Mama akakitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema: ni mimi, nilimfunga bata. Sikuyasema. Baadaye nilijiambia wasingeniamini, maana nani analisha ndege mahali ambapo watoto wanalala njaa? Lakini huo ni ujanja wa mtu mzima. Nilinyamaza kwa sababu nilikiogopa kiboko.

"Ni changu," Mama akasema.

Wakamuuliza alimfunga nani kidonda. Akasema hajui jina lake. Alikaa kizuizini miezi minane. Mwiti aliachishwa ziwa siku ile ile, akalelewa na nyanya yetu kwa uji. Mama aliporudi, vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena.

Mwaka jana, nilipokwisha kupata mtoto wangu wa kwanza, nilimwambia Mama yote. Tulikuwa tukimenya viazi. Nilisubiri anizabe kofi. Nililitaka kofi lile. Yeye aliendelea kumenya, kisu katika mkono wa kushoto.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Ningewaambia ni mtoto, wangekuuliza aliyekutuma ni nani. Na wangekuuliza vile walivyoniuliza mimi."

Miaka yote ile nilidhani nilimdanganya. Kumbe alijua yote kwa kunitazama mara moja tu, akachagua. Sasa nina wangu, najua kuchagua kule hakuchukui hata dakika. Nami nilimkasirikia, nawaambia ukweli. Angenipiga ningepumua. Hata hilo hakunipa.

Akamenya kiazi kingine.

"Lakini bata aliruka?" akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

Siku walipomchukua Mama nilikwenda kwenye ghala. Nilikuta manyoya, mengi, na mifupa iliyotafunwa, na majivu ya moto yenye alama za viatu vya magadi pande zote. Walikuwa wamemchoma wakamla. Walipokuwa wakikipeperusha kitambaa kile uwanjani walijua vizuri kabisa damu ilikuwa ya nani. Katika kijiji kizima, ni mimi tu niliyeweza kuwaambia hivyo mbele ya watu.

"Aliruka, Mama," nikasema. "Tena juu sana."

Akatabasamu, akanisogezea sufuria ya viazi.