Karatasi za Bei Yenyewe

Watu walipoanza kumiminika dukani mwake, Bei Yenyewe alifanya kosa ambalo mwenye duka dogo yeyote angelifanya. Alifurahi.

Jina hilo si la kuzaliwa, alipewa na wateja. Kwa miaka thelathini na moja, kila aliyemwomba apunguze alijibiwa vilevile: "Ndugu yangu, hiyo ndiyo bei yenyewe." Na kweli ilikuwa yenyewe. Hakuwa na mtindo wa kutaja kubwa ili ashuke kwa mbwembwe. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya kioo, rafu tatu za mbao na meza ya kujaribia, ambapo kila redio, pasi na birika la umeme liliwashwa mbele ya mnunuzi kabla halijatoka. Hata balbu aliiwasha. Ukimwambia una haraka, alikujibu kwamba haraka yako ikusubiri nje, balbu kwanza.

Halafu duka kubwa la kampuni yenye matawi kila mji likafunguliwa mtaa wa tatu, jengo la vioo lenye ubaridi unaokufuata hadi barabarani. Simu nazo zikajaa wauzaji wa mtandaoni, watu wasio na mlango wala sura, wenye televisheni za bei ambayo yeye hakuipata hata kwa wauzaji wa jumla. Biashara ikanyauka. Ikapita wiki nzima anauza betri tu. Mkewe, aliyekaa naye kaunta hiyo tangu watoto wakiwa wa kubebwa, akaanza kusema wafunge, wakodi kijichumba wawe wanatengeneza vifaa basi. Mume haambiliki. Duka lile ndilo lililomfanya aitwe mtu, na hakutaka kuanza kuwa mtu mwingine na mvi zake kichwani.

Ndipo wakaja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, simu mkononi.

"Mzee, televisheni hii mtandaoni wanaiuza hivi. Wewe unaweza kufika hapa?"

Bei Yenyewe akavaa miwani. Bei ile ilimwachia faida ya kununulia chumvi. "Nafika," akasema.

"Basi niandikie kwenye karatasi, na mhuri upige. Nikashauriane na mwenzangu nyumbani."

Akaandika kwa mwandiko wake wa kulala kidogo, akapiga mhuri wa bluu. Kesho yake wakaja wawili, keshokutwa watano, wote na simu zao, wote wanaomba karatasi. Mzee akachangamka, akarudia kunyoa ndevu kila asubuhi. Akawa anashuka hata chini ya bei ya kununulia, akijiambia kwamba kwanza warudi mlangoni, faida itafuata. Akachukua kwa muuzaji wa jumla televisheni kumi na mbili na friji nne, mali kauli, alipe akishauza, maana wateja hawa wakija kwa pamoja asije akaumbuka.

"Mbona karatasi zinaisha, maboksi hayaishi?" mkewe akamuuliza.

"Wanashauriana."

"Mji mzima unashauriana?"

Akamwona mkewe ana roho nyeusi. Lakini neno lile likamkaa, na Jumanne moja akavaa shati la kutokea, akaenda mwenyewe kwenye lile duka la vioo ambalo alikuwa ameapa hatalikanyaga. Mlangoni palikuwa na bango refu kuliko yeye: LETE BEI YA CHINI KUTOKA DUKA LOLOTE LENYE MLANGO, NASI TUTAISHUKIA. BEI ZA MTANDAONI HAZIKUBALIKI.

Alilisoma mara mbili. Pembeni alisimama yule mwalimu wa hesabu akilipia kitu, akageukia ukuta kwa haraka kana kwamba ukutani kuna sinema.

"Shikamoo, baba," msichana wa kaunta akamwambia. "Umekuja na karatasi?"

"Marahaba. Karatasi ya nani?"

"Ya duka lolote. Wengine huwa tunawapigia simu kwanza, tuhakikishe bidhaa wanayo kweli. Ila za Bei Yenyewe tunapokea tu. Yule mzee hadanganyi, kila mtu anajua." Akafungua jalada nene ili amwonyeshe mfano. Ndani kulikuwa na mwandiko wa kulala kidogo, ukurasa baada ya ukurasa, na mihuri ya bluu.

Alikuwa anamsifu, maskini, hakujua anamsifu mbele yake. Bei Yenyewe akasema ahsante, akatoka. Aliona haya, haya ya mtu aliyecheza ngoma peke yake akidhani anashangiliwa.

Siku hiyohiyo akabandika tangazo mlangoni: HATUANDIKI BEI. TUNAUZA. Watu wakasoma, wakapita. Kimya kikarudi dukani, na safari hii kilikuwa kizito zaidi, kwa sababu alikwisha kuonja kelele. Muuzaji wa jumla akaleta lori kuchukua mali yake. Televisheni zikaondoka, friji zote nne zikaondoka, rafu zikabaki na feni mbili na vumbi. Mkewe akarudia ombi lake la kufunga, taratibu, bila kumcheka, na hilo lilimuuma kuliko angechekwa. Akamwomba ampe hadi mwisho wa mwaka. Alimwomba kweli, karibu apige magoti.

Mwezi wa kumi akaja dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akaacha shule ili yeye asome. Sasa alikuwa na kisukari, na sindano zake hazitaki joto. Friji yake ilikuwa imekufa kabisa. Bei Yenyewe mwenyewe aliifungua wiki iliyotangulia akakuta mtambo umeungua, haufufuki. Dawa alikuwa anaziweka kwa jirani, na jirani alianza kununa.

Akaketi kwenye stuli, akaivuta khanga mabegani. "Mdogo wangu, nisikufiche. Nilichonacho hakifiki bei ya pale kwenye vioo. Mtandaoni naogopa, nisije nikatuma hela nikaletewa hewa. Wameniambia nikipata karatasi yako watashuka. Nimesoma tangazo lako mlangoni. Ukikataa sikasiriki."

"Una kiasi gani, dada?"

Akamtajia. Mzee akachukua karatasi, akaandika kiasi kilekile, bila kuongeza wala kupunguza, akapiga mhuri. Dada akaiweka kifuani, akaondoka mdogo mdogo.

Haikupita saa moja, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya yule msichana wa kaunta.

"Baba, samahani kwa usumbufu. Zako huwa hatuulizi, ila tulisikia umeacha, halafu bei hii iko chini mno. Hiyo friji unayo dukani?"

Bei Yenyewe akatazama mahali friji zilipokuwa. Sakafuni kulikuwa na alama nne za mstatili ambazo fagio halikuwa limezifuta. Mkewe alikuwa kwenye ngazi akipangusa rafu, akaacha kupangusa.

"Ninayo," akasema.

"Mteja akija sasa hivi, unampa?"

"Nampa. Ipo hapa mbele yangu."

"Haya, baba, tunashukuru. Huyu hapa anataka kukusalimu."

Akamsikia dada yake akihema kwa furaha. "Mungu akubariki, mdogo wangu! Wanasema kesho asubuhi wanaileta mpaka mlangoni. Utakuja kuniwashia? Mimi vitu vya umeme siviamini mpaka uwashe wewe."

"Nitakuja, dada. Mapema."

Akakata simu. Akaiweka juu ya kaunta. Kisha akamgeukia mkewe.

"Tufunge, mama watoto. Hakuna duka hapa."

Mkewe, aliyeililia kauli hiyo mwaka mzima, akashuka ngazi pole pole, akakaa kwenye stuli aliyoiacha wifi yake, akaangua kilio.