Joka Jekundu la Dada

Mwanangu amefungua jojo ya kutafuna leo, na harufu ile ya stroberi imenirudisha kwenye mkeka wetu Njombe, ukungu ukiwa umesimama mlangoni.

Siku zile maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu, na ndani ya kila jojo mlikuwa na kadi ya picha. Dada yangu alipata joka jekundu lenye mabawa. Maandishi yalikuwa ya kigeni, kwa hiyo sheria alizitunga yeye: mnyama mkubwa hashuki mkekani mpaka wadogo watatu washuke kwanza kumlimia, kama shambani kwetu, pombe ya ulanzi hailetwi kabla watu hawajashika jembe.

Likizo ile mtoto wa mfanyabiashara wa Makambako alikuja kwa shangazi yake, jirani yetu, na furushi la kadi. Panya na vyura aliwatupa uani, akawakanyaga, akabaki na simba, tembo na chui. Dada aliwaokota mmoja mmoja, akawafuta tope kwa sketi yake.

Wakacheza, atakayeshindwa atoe mkubwa wake. Mgeni alishika wakubwa watupu, wote wakisubiri kulimiwa. Dada akashusha panya, chura, panya. Kisha, taratibu kabisa, joka. Mimi nilisahau kutafuna.

Mgeni akamsukuma simba wake mbele. Dada akamrudishia simba, akaweka juu yake wale wadogo watatu.

“Chukua, mdogo wangu. Kesho uje na hawa wa kumlimia.”

Akawageuza. Alama ya kiatu cha mgeni ilikuwa bado ipo.