Aliyemo Kwenye Kipilefti

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kwa wasichana wengi ingekuwa ya furaha tupu: siku niliyopelekwa nyumbani kwa babu yako. Nimesikia kwamba Jumamosi wewe ndiye utakayemwendesha dada yako akipelekwa kwa mumewe. Leseni unayo, na usukani unaujua. Keti lakini, unywe chai, maana habari hii wazazi wako wameisikia juu juu tu na sidhani kama wamewahi kukusimulia.

Ndoa yetu ilifungwa msikitini adhuhuri, na alasiri wakaja kunichukua nyumbani kwetu Ngamiani. Mbele ilitangulia pikapu ya matarumbeta, ikafuata gari la bwana harusi, kisha gari letu, na nyuma yetu ndugu wa mume na marafiki zao. Magari siku hizo hayakuwa mengi hapa Tanga, kwa hiyo msafara kama ule ulikuwa jambo la watu kutoka nje kutazama. Gari langu liliendeshwa na baba yangu mdogo, Baba Athumani, ambaye alikuwa dereva tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikaa nyuma na somo yangu aliyenifunda, Bi Mwanaidi, aliyenishika mkono na kuniambia niinamishe kichwa, bibi harusi hatazami watu.

Gari lililotufuata nyuma liliendeshwa na Hamza, mdogo wake babu yako. Usimfikirie vibaya. Alikuwa kijana mwenye adabu, mcheshi, aliyempenda kaka yake kuliko kitu chochote. Mama yao alikuwa amemwagiza jambo moja kabla hatujaondoka: msafara usikatike, tufike mlangoni wote pamoja.

Tulipofika kwenye kipilefti, ule mzunguko wa njia panda, matarumbeta yalikuwa yamekwisha pita, na gari la bwana harusi nalo likapita. Baba Athumani akasimama. Kutoka kulia kwetu, ndani ya mzunguko, alikuwa anakuja mtu na baiskeli, taratibu, amefunga kigoda kipya nyuma kwenye keria. Tulimjua kwa sura. Alikuwa fundi Omari, seremala wa mtaa wa pili.

Honi zikaanza kulia nyuma yetu. Mbele, ngoma na tarumbeta zilikuwa zinapotea kwenye kona. Bi Mwanaidi akamwambia baba mdogo kwamba wenzetu wanatuacha, na watu watasema nini bibi harusi akifika peke yake. Nami, mwanangu, chini ya ule mtandio nilikuwa naona haya. Muda ule mfupi niliuona mrefu sana.

Baba Athumani hakugeuka. Alisema tu, "Huyu yumo ndani, sisi tuko nje. Akishapita tutaingia."

Hapo ndipo Hamza alipotupita kwa kulia ili aliwahi gari la kaka yake. Nilisikia mlio wa breki, kisha kishindo ambacho hakikuwa kikubwa. Nilipoinua kichwa, kigoda kilikuwa kinabiringika barabarani, na fundi Omari amelala karibu na ukingo, mguu mmoja umenaswa kwenye baiskeli.

Watu walijaa mara moja. Hamza alishuka akasimama pale pale, mikono kichwani. Baba Athumani alimkagua fundi, akarudi kwenye dirisha langu, akaniuliza kwa upole kama ningeweza kumpisha. Somo yangu alianza kusema kuhusu nguo, nguo nyeupe ile, kisha akasogea mwenyewe. Wakamwingiza. Kichwa chake nikakipakata mimi. Tukaenda hospitali hivyo hivyo, maua yakiwa bado yamefungwa mbele ya gari. Njiani alifumbua macho, akanitazama na hina zangu, nadhani hakuelewa yuko wapi. Alisema jambo moja tu, "Baiskeli yangu msiiache barabarani."

Alifariki kabla ya alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Usiku ule, nyumbani kwa kina babu yako, pilau ilikuwa imekwisha iva. Watu waliila kimya kimya, wengine wakaondoka bila kugusa. Nilioga, nikabadilisha nguo, nikakaa kwenye kitanda cha harusi nikamsikia mama mkwe wangu akilia chumba cha pili, akirudia kwamba yeye ndiye aliyesema msafara usikatike. Hiyo ndiyo fungate yangu.

Baada ya mazishi tulikwenda kumpa pole mjane wake, Bi Zuhura. Hamza alikuwa ametoka polisi kwa dhamana, na wazee wakaona ni heri aje. Alikaa karibu na mlango, kichwa chini. Bi Zuhura alipoambiwa huyu ndiye, hakupandisha sauti. Alimuuliza, "Mwanangu, ulimwona?"

Hamza akajibu, "Nilimwona, mama. Nilidhani atasimama."

 Bi Zuhura akasema, "Siku zote alikuwa anasimama. Magari yenu yote alikuwa anayapisha. Siku hiyo zamu ilikuwa yake."

Mzee mmoja akaanza dua, tukainua mikono.

Hamza alihukumiwa, akatumikia kifungo chake, akarudi. Hakushika tena usukani mpaka anaingia kaburini. Kila Idi, baada ya sala, alikwenda kumwamkia Bi Zuhura. Yule mama hakumfukuza, wala hakuwahi kumwambia kwamba yamekwisha. Alimmiminia kahawa, wakakaa, akamuaga. Walifanya hivyo mpaka mama wa watu alipofariki, na Hamza alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Nami nilimuuliza Baba Athumani, muda mrefu baadaye, aliwezaje kusimama wakati watu wote wale wanamhimiza. Alinijibu kwamba barabara haijui harusi. Msafara, alisema, unaonekana kama kitu kimoja kwa wanaotazama, lakini kila usukani una mtu wake, na kila mmoja ataulizwa peke yake.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukikaribia kipilefti, punguza mwendo mapema na utazame kulia. Aliyemo ndani ana haki ya kupita kabla yako, awe na lori, awe na bajaji, awe na baiskeli yenye kigoda. Usipime ukubwa wake na wa gari lako. Mwenzako wa mbele akiingia, hajakuingiza na wewe. Simama utazame upya kwa macho yako. Unapotaka kutoka kwenye mzunguko, washa taa ya kushoto ili anayengoja ajue. Na siku utakayokuwa wewe ndani na haki ni yako, bado mtazame anayekuja, kwa sababu huenda na yeye anadhani utasimama. Pikipiki zimejaa siku hizi kila njia, na vijana wake wana haraka. Wapishe hata wakikukosea, ukasirike baadaye ukiwa nyumbani.

Watakupigia honi. Watakupigia kelele dirishani, watasema unamchelewesha bibi harusi. Waache waseme. Dada yako akifika amechelewa, watu watacheka kidogo na pilau italiwa.

Haya, inuka uje karibu, nikuwekee mkono kichwani. Mwenyezi Mungu akupe subira barabarani na macho yanayomwona kila mja wake. Akulinde na ajali ya kutendwa na ya kutenda. Pasiwe na nyumba hata moja katika mji huu itakayolia kwa sababu wewe ulikuwa na haraka. Amin.