Macho Kwenye Vilima

Sheria yake ilikuwa moja: ndani ya boti usitazame maji, tazama nchi kavu. Mwalimu wetu wa kwaya aliirudia tangu tulipoondoka Bugene, akigusa koo kwa vidole viwili kama anayehakikisha bado lipo. Ziwa humtapisha kila safari, na siku ile alikuwa na beti za kuimba peke yake katika kanisa la kisiwani, alizozifanyia mazoezi tangu mavuno ya kahawa. Alitugawia kahawa kavu za kutafuna, zile tunazompa mgeni nyumbani, kisha akakaa katikati ya boti, mgongo wima, macho kwenye vilima.

Mawimbi yalipokuwa makubwa, Mama Benadeta wa Kimuli, ambaye hakuwahi kupanda boti, alianza kulia. "Mwalimu, nakufa! Hata ng'ombe kwenye lori hatikiswi hivi."

"Hufi, mama. Njoo ukae hapa kwangu."

"Mwalimu, vilima vyako!" Dastan, mwimbaji wetu wa besi, alimkumbusha.

"Vitazame wewe."

Akapiga magoti mbele ya yule mama, akavipa vilima mgongo, akamshikia kichwa juu ya ndoo na kumfuta midomo kwa kitenge chake mwenyewe cha sare, taratibu, kila mara. Mimi ni mtu wa sheria, lakini hii niliiona ikivunjwa, nikawashikia ndoo isiteleze. Kabla hatujafika, naye alikuwa ameinamia ndoo ileile, na sauti ikamkauka. Kanisani, beti zake aliziimba Edith, mwanakwaya mwenzetu. Mwalimu alisimama mstari wa nyuma, akizifuata kwa midomo tu.