Mizani Haina Shemeji

Kuna watu wakweli, na kuna watu wakweli mpaka kero. Mpimaji ni wa kundi la pili. Mkewe akirudi dukani na kilo mbili za sukari, lazima zipande kwanza kwenye mizani ndogo ya jikoni ndipo zimiminwe koponi. Siku ya harusi yao wenzake walimtania kwamba bibi harusi asivuke kizingiti bila kujua kilo zake, na yeye, badala ya kucheka na watu, akawaeleza taratibu kabisa kwamba gauni lile lingeharibu kipimo. Ndivyo alivyo. Utamfanyaje?

Aliingia ghalani akiwa na miaka kumi na tisa, mpakiaji wa magunia kama wengine. Ghala lenyewe ni la nafaka, refu, paa la mabati, vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. Mwaka wake wa tatu, mpimaji wa zamani alifumaniwa akikandamiza mizani kwa goti, akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Mwenye ghala akauliza: nani hapa hana rafiki hata mmoja? Wote wakamwonyesha yeye kidole. Akakabidhiwa mizani, na hajaiachia huu mwaka wa thelathini na moja.

Kila asubuhi anafuta kibao kwa kitambaa, anarudisha kipimo kwenye sifuri, anarudi hatua moja, anafunga mikono nyuma na kukaza macho kwenye ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka. Gunia halitazami, mwenye gunia hamtazami. Ukimwomba akulegezee kidogo maana mnajuana, jibu lake ni lilelile: "Mizani haina shemeji."

Basi chama cha ngumi kilipohitaji mizani ya kupimia mabondia siku moja kabla ya pambano, kiliazima ile ya ghala, na yeye akaenda nayo. Hakuna aliyewahi kubishana na kipimo chake. Na alikuwa na heshima zake. Bondia akizidi uzito kidogo akalazimika kuvua kila kitu, anazungushiwa taulo kubwa, na Mpimaji anainua macho kwenye mkono wa mizani, hayashushi mpaka mwenzake amevaa. Mwanaume mzima, alikuwa akisema, hakaguliwi na mwanaume mwenzake kama mbuzi wa mnadani.

Mabondia wawili tu ndio wanaotuhusu hapa. Wa kwanza ni Mtaimbo, bingwa aliyekaa na mkanda miaka kumi na miwili. Wa pili ni kijana wa mkono wa kushoto aliyeitwa Shoto, ambaye watu waliapa kwamba angemlaza Mtaimbo mapema tu. Pambano lao lilitangazwa, tiketi zikaisha, na siku ya kupima uzito Shoto akazidi. Likavunjwa. Shoto akafungiwa mwaka mzima, na mwaka ulipokwisha hakuna promota aliyetaka hata kumsikia. Akaja ghalani kubeba magunia, na anabeba mpaka leo, huu mwaka wa kumi na moja.

Siku ile Mpimaji alisema maneno mawili tu: "Amekunywa maji." Watu wakaangua kicheko, na jina likamganda. Tangu hapo mtaa mzima humwita Maji, na yeye huitika. Mpimaji alimpenda kijana yule kwa adabu yake. Kila asubuhi, "Shikamoo, mzee wangu." Na gunia lake likiwa kwenye mizani, wenzake wakinyoosha shingo kuona kilo, Maji huinamisha macho chini, kimya. Huyo ndiye mtu, Mpimaji alikuwa akimwambia mkewe, hana kinyongo na mizani.

Sasa njoo Jumamosi iliyopita, alasiri, kwa kinyozi. Asubuhi yake Mtaimbo alikuwa ametangaza redioni kwamba anastaafu, kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine. Mpimaji alikuwa kitini, kitambaa shingoni, upande wa kulia wa kichwa umekwisha na wa kushoto bado. Kwenye benchi alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, anasubiri zamu. Na mlangoni, na sindano yake, alikuwa fundi viatu, mtu ambaye akikosa wa kubishana naye hubishana na kiatu.

"Bingwa gani yule!" fundi viatu akaanza. "Miaka kumi na miwili anapigana na watu waliokuja kusalimia!"

"Ametetea mkanda mara ishirini na mbili," kinyozi akajibu. "Wewe umetetea nini?"

"Ndoa yangu. Na ilikuwa na wapinzani wagumu kuliko wake. Haya, nitajie mgumu mmoja. Mmoja tu!"

"Yule mwenye jino la dhahabu."

"Alikuwa na miaka arobaini na moja! Alipanda ulingoni ameshikwa mkono."

"Yule mpiga matofali."

"Mbavu zimefungwa bendeji kabla hata kengele haijalia! Acheni bwana. Mgumu alikuwa mmoja, yule mashoto, na huyo Mtaimbo alimkwepa."

Hapo Mpimaji hakuweza kuvumilia. Lolote lingine angelimezea, lakini pambano lile lilipita mikononi mwake.

"Alimkwepa vipi? Mtaimbo alifika, akapanda, kilo sitini na sita na nusu. Akavaa, akakaa, akasubiri. Maji ndiye aliyezidi, na mimi ndiye niliyempima. Asiyefikia uzito ndiye aliyekula kona."

Kinyozi akazima mashine. "Mzee, hilo la uzito halijaniingia akilini mpaka leo. Kikomo sitini na saba. Mara ya kwanza kapanda na bukta, kazidi gramu mia. Sawa. Mkampa saa nzima. Kakimbia na koti la nailoni kwenye jua kali, kaja hapa mbio, nikamnyoa kipara kwa mikono yangu hii ili hata nywele zisihesabiwe. Karudi, kavua mpaka bukta. Halafu azidi gramu mia nne? Mtu anavua nguo, uzito unapanda?"

"Alikunywa maji."

"Ulimwona?"

"Mizani ilimwona."

Shemeji akacheka. Si kicheko cha furaha, ni kile cha mtu aliyefukuzwa kazi wiki hiyo, na kweli alikuwa amefukuzwa: miaka kumi na moja alikuwa dereva wa Mtaimbo.

"Shemeji, mtetee mtu mwingine," akasema. "Huyo hastahili. Nimempeleka mazoezini, nimepeleka wanawe shule, mama yake akiugua ni mimi. Juzi kanipigia simu, neno moja tu, lete funguo. Hata ahsante, hamna! Na kazi yenyewe niliipata kwa mguu wangu huu." Akaunyoosha mguu wa kulia katikati ya chumba.

"Kwa kutembea sana?" fundi viatu akauliza.

"Kwa kukanyaga."

Hakuna aliyeelewa. Shemeji akamtazama Mpimaji kwenye kioo. "Siku ile nani alishika taulo?"

Mpimaji alikumbuka vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta shemeji yake siku hiyo, wasaidiane kubeba mizani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia, shemeji, shika taulo hapo nyuma.

"Wewe," akasema.

"Basi. Taulo lilifika mpaka kwenye kibao. Ncha ya kiatu tu, shemeji. Hapa kwa nyuma, kidogo hivi. Meneja wa Mtaimbo alikuwa ameniita pembeni, kaniahidi usukani wa gari la bingwa. Walikuwa wanamwogopa yule kijana, usingizi hawapati."

Weee! Sindano ya fundi viatu ilibaki hewani. Mtu aliyekuwa amebishana miaka yote hiyo sasa alikuwa ameshinda.

"Unatania," Mpimaji akasema.

"Nitanie nini?"

"Mimi nilikuwa hapo! Nilikuwa nimesimama hapohapo!"

"Ulikuwa unatazama juu. Wewe huwa unatazama juu. Ndicho alichoniambia yule meneja: usiwe na wasiwasi, yule mpimaji hashushi macho."

Mpimaji akainuka kitini. Kinyozi akamshika bega, "Mzee, subiri basi nimalize upande huu," lakini mzee hasikii, mzee yuko mlangoni, mzee yuko barabarani, kitambaa cha kinyozi bado kinaning'inia shingoni, kichwa nusu kimenyolewa nusu kina nywele, na watu wanageuka kumtazama. Nyuma yake shemeji anaita kwamba yamepita hayo, ya zamani hayo. Ya nani yamepita?

Mkewe alipomwona alidhani amegongwa na gari.

"Kaka yako amekanyaga mizani yangu," Mpimaji akasema.

"Leo?"

"Miaka kumi na moja."

Akamweleza yote, amesimama, hataki kiti. Mke akaweka mkono mdomoni na akauacha hapo.

"Utamwambia Maji?" akauliza mwishowe.

"Nimwambie nini?"

"Sikiliza, baba watoto. Yule wa goti alifukuzwa saa ileile. Wewe umebakiza miaka miwili upumzike kwa heshima zako. Ukisema, atakayekuamini kwamba hukujua ni nani? Shemeji yako, mizani yako, taulo ulimpa wewe. Nyamaza. Nakuomba."

Na alisema kweli, hilo ndilo lililomchoma. Jumapili nzima Mpimaji hakula. Alikaa jikoni akiitazama ile mizani ndogo ya sukari. Mara akaibonyeza kwa kidole kimoja nyuma ya kibao, taratibu, mshale ukapanda. Akaondoa kidole haraka, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote. Kumbe ni rahisi namna hiyo.

Jumatatu alifika ghalani kabla ya lori la kwanza. Kichwa chake hakuwa amekimalizia. Alifuta kibao, akarudisha sifuri, akasubiri. Maji alikuwa wa kwanza kuingia, gunia begani.

"Shikamoo, mzee wangu."

Mpimaji hakuweza kuitika marahaba.

"Shoto," akaita.

Maji akashusha gunia kwenye kibao, akainamisha macho chini kama kawaida yake. Hakugeuka. Labda alidhani anaitwa mtu mwingine.

"Shoto!"

Hapo ndipo alipoinua uso. Akakitazama kile kichwa cha nusu kwa nusu, akamtazama mzee mwenyewe.

"Hukunywa maji," Mpimaji akasema. "Ulikuwa umefikia uzito. Shemeji yangu alikanyaga kibao. Nimejua juzi. Nitakwenda kwenye chama, nitasema, na mwenye ghala nitamwambia leo, anifanye atakavyo. Lakini nimeona uanze wewe kusikia."

Alitegemea ngumi. Kwa kweli aliitamani. Ile ya kushoto, ambayo Mtaimbo hakuipata, angeipokea yeye na kushukuru. Lakini Shoto alibaki amesimama, mikono ina vumbi la mahindi, anamtazama tu.

"Nilijua kuna mguu," Shoto akasema.

"Ulijua?"

"Mtu anayejipima mara kumi kwa siku anakijua kibao, mzee. Kilizama nyuma ya kisigino changu. Nikageuza shingo nikakiona kiatu. Nilipofungua mdomo niseme, ukasema nimekunywa maji. Watu wakacheka. Ningemwambia nani tena?"

"Ungeniambia mimi!"

"Wewe?" Shoto akashangaa kwelikweli, kama vile mzee amesema jambo la kitoto. "Mizani yako, shemeji yako, ulimleta mwenyewe. Mimi nilijua mmepanga. Mpaka dakika hii nilijua mmepanga."

Mpimaji akashika nguzo ya mizani. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja amejiona mbele ya kijana huyu kuwa mtu safi kuliko wote mjini, na kijana anamtazama anamwona mwizi.

"Na shikamoo zote hizo?" akauliza, na sauti ikamtoka ndogo. "Kila siku ya Mungu unaniamkia. Kila siku!"

"Sasa nisikuamkie vipi, mzee? Tunalipwa kwa uzito, na anayepima ni wewe. Wanangu wanakula kwa jicho lako."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, mtu anapiga kelele, njoo, njoo, kata kulia.

"Ndiyo maana huwa unatazama chini," Mpimaji akasema polepole. Alikuwa haulizi tena. "Gunia lako likipanda."

"Huwa natazama miguu yako," Shoto akajibu.

Mpimaji akashusha macho. Aliviona viatu vyake, vyeusi, vya kamba, vimesimama hatua moja kutoka kwenye kibao, na akaona sakafu ya mbao palepale anaposimama kila siku imeliwa ikafanya vishimo viwili vya nyayo. Miaka thelathini na moja hakuwahi kuviona.

Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili, na ya tatu, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa magunia.

"Soma wewe," akasema.

Shoto akaangalia miguu yake mwenyewe kwanza, ndipo akainua macho kusoma kipimo.