Msumari Kwenye Tundu la Gesi

Mume wangu Ngwali hakuwa mzembe, na anayesema hivyo aje aniambie usoni. Miaka sita alichomelea vyuma kwenye karakana ya Tibirinzi, na hakuunguza hata pindo la kanzu ya mtu.

Kazi yote ilikuwa kwenye mdomo wa bomba la kuchomelea. Tundu lake ni dogo kama la sindano, na gesi hupita pale kwa kasi. "Gesi ikipunguza mwendo, Mwatima, moto huifuata ndani," aliniambia. Kwa hiyo tundu likiziba hakulikwangua. Alilizibua kwa ncha ya chelewa, niliyoichambua mwenyewe kwenye ukuti, laini, isiyopanua kitu.

Mwaka 1959 akaletwa msimamizi mpya, Msellem, aliyesomea kazi miezi mitatu Unguja akarudi hajui hata salamu. Alipoiona chelewa akacheka mbele ya watu.

"Ufagio huo, Mzee Ngwali! Hii mashine, si uwanja."

Akatwaa msumari, akauzungusha tunduni mpaka ukapita.

Ngwali akautazama mdomo ule juani. "Tundu lishakuwa pana, gesi itapita polepole. Moto siuwashi mie."

"Huwashi, huna kazi."

"Basi sina."

Msellem akawasha mwenyewe. Ukasikika mlipuko, moto ukarudi ndani, mpira wa gesi ukashika kuungua kuelekea mtungini. Msimamizi alitimka, kiatu kimoja akakiacha. Aliyeukimbilia mtungi akafunga koki ni Ngwali, aliyekwisha kufukuzwa. Koki ile ilikwisha kushika moto, ikamla kiganja cha kulia, vidole havikunjiki mpaka leo.

Msellem akaandika ripoti kwamba ajali ililetwa na takataka za chelewa. Wallahi, niliposomewa nilishika mwiko nimfuate huko huko, Ngwali akanizuia. Mtu mzima, Muislamu, sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Wageni wakiwapo husema ameshiba.

Haukupita mwezi, Bi Khairiya, mkewe Msellem, akapiga hodi kwangu, macho chini.

"Bi Mwatima, bwana kaniagiza chelewa. Ataka zile nyembamba, za kuzibulia tundu la gesi."

Nilimtazama mwanamke yule, hakunikosea kitu, na hilo likanizidisha hasira.

"Kamwambie azifuate mwenyewe," nikasema. "Na akija, aanze kwa kumpa Ngwali mkono."