Baba Amerusha Ndege Sebuleni

Jamani, leo baba yangu amerusha ndege ya kivita hapahapa mtaani kwetu Nkuhungu!

Alikuja kuizima kompyuta yangu ya mtumba nikiwa nacheza mchezo wa kurusha ndege. "Mtu mzima na michezo!"

Nikamwomba atazame nikipaa mara moja tu.

Nikaongeza mafuta kwa pupa. Ndege za propela, zile zenye panga linalozunguka mbele, hazitaki hivyo. Ikavutwa kushoto, ikatoka kwenye njia ya kurukia, ikapinduka.

Mzee akavuta kiti. "Sogea huko."

"Baba, ongeza mafuta polepole, usukani uelekeze kulia."

Akafanya hivyohivyo, ulimi nje kama mtoto wa shule.

Ikapaa!

Nikapiga makofi. Yeye wala hakucheka.

"Sasa kijijini Gulwe ni upande gani? Twende tukamsalimie bibi yako."

Mchezo hauna Gulwe, ndugu zangu. Nimemwahidi Jumamosi tutapanda treni twende kwa bibi kweli.

Wazee wenu nao wako hivi?